Kabla ya kuchagua programu, nenda kaangalie deki

Muuza duka wa Kariakoo aliinama chini ya kabati la vioo, akasogeza maboksi ya chaja na kava za simu, akaibuka na mnara wa diski tupu uliojaa vumbi. DVD-R, 50 kwenye mti mmoja wa plastiki. Akaupuliza, akaupangusa kwa shati lake.

"Kaka, bado kuna watu wanachoma hizi?"

Nikamjibu kwamba bado kuna nyumba zenye deki. Akacheka, akanipunguzia bei bila hata kuombwa, akamgeukia mteja aliyekuwa anaulizia spika.

Swali lake nimetembea nalo wiki zote hizi, maana jibu nililompa lilikuwa fupi mno.

Habari yenyewe ni harusi ya mdogo wangu. Mama Mkubwa, dada yake mama, anaishi Korogwe, na magoti hayamruhusu tena kukaa kwenye basi mpaka Dar. Mchango alituma, kitenge alituma, dua aliomba. Alipopigiwa simu kesho yake akasema jambo moja tu: na mimi nataka kuona. Kwenye kundi la familia likapita azimio bila kikao: "Wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Mchomee sidii."

Na hapo kila mwenye simu akageuka mshauri.

## Kila mtu ana jina la programu

Binamu mmoja alisema Nero, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kwenye kila kompyuta ya intaneti kafe tuliyowahi kukalia. Mwingine akanipendekezea CapCut, ambayo inahariri vizuri kwenye simu lakini mambo ya diski haiyajui. Shemeji akatuma HandBrake. Ni programu nzuri, tena ya bure, ila kazi yake ni kugeuza video ziwe MP4 au MKV. Ukiwa na DVD ya zamani unayotaka iingie kwenye simu, hiyo ndiyo yako. Mimi nilikuwa naelekea upande wa pili wa barabara.

Zile za bure tulizokuwa tunazikuta ndani ya kompyuta zenyewe zimeshazikwa. Windows DVD Maker ilikuja na Vista, ikawemo kwenye Windows 7, Windows 8 ilipofika ikaachwa nje. Movie Maker ilisitishwa Januari 2017. Kwa Apple kulikuwa na iDVD, iliyozinduliwa 2001. Ilipokuja macOS Catalina mwaka 2019 na kukataa programu zote za biti 32, nayo ikagoma kufunguka.

Hilo la iDVD lilinifanya niache kusoma kwanza.

Fikiria mzazi aliyekaa usiku na usiku kupanga picha za wanawe humo, akahifadhi mradi wake vizuri ili siku moja aongeze mtoto wa mwisho. Diski anayo. Faili la mradi analo. Cha kulifungulia kwenye kompyuta mpya ndicho hana. Kuanzia hapo nikawa na sharti moja kabla ya mengine yote: nikihifadhi kazi yangu, isomeke hata kama programu yenyewe imekufa.

Zile za kulipia nilizipitia haraka haraka. Nyingi zinakupa majaribio ya bure, halafu zinapiga mhuri wa jina lao katikati ya uso wa bibi harusi mpaka ulipe. Na hizo za "krak", zilizovunjwa leseni na zinazopitishwa kwa flashi mjini, samahani, kompyuta hii ndiyo ninayofanyia kazi za watu.

Kitu kimoja nilikiona katika ushauri wote huo, wa kundi na wa mitandaoni. Kila mmoja anaeleza programu ina nini. Hakuna anayeuliza nani ataangalia, wapi, kwa kifaa gani.

## "Nipigie picha ya deki"

Nikampigia mjukuu wa Mama Mkubwa anayekaa naye, kijana wa kidato cha pili. Nipigie picha ya deki mbele na nyuma, na ya TV.

Picha zikaja. TV ni ya chogo, inchi 21, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Deki ni ile nyembamba ya rangi ya fedha, imeunganishwa kwa waya tatu: nyekundu, nyeupe na njano. Usoni imeandikwa DVD, VCD, MP3, JPEG. Tundu la USB lipo, na ukikuza picha unaona ndani yake kipande cha njiti ya kiberiti.

"Nani kaweka njiti humo?"

"Mjomba, mimi nimekuta hivyo hivyo."

Picha hizo tatu zilinifundisha kuliko orodha zote nilizosoma. TV ya chogo maana yake umbo la skrini ni 4:3. Waya wa njano maana yake picha ni ya ubora wa kawaida, hata ukirekodi 4K. Na deki ya aina hiyo inataka DVD-Video kamili: folda iitwayo VIDEO_TS, ndani yake mafaili ya VOB na IFO, video ikiwa MPEG-2 ya pikseli 720 kwa 576 kama ni PAL, mfumo wa TV wa huku kwetu. Ukimwagia tu MP4 za simu kwenye diski na kuichoma, itagoma kuzicheza na Mama Mkubwa atasema mmeniletea diski mbovu.

Kwa hiyo mchomaji peke yake hatoshi. Unatafuta programu mbili, au moja yenye kazi mbili: ya kupanga video iwe DVD-Video, na ya kuichoma. Watu wengi hukwama hapa.

## Lakini kwa nini usipeleke flashi?

Hili ndilo swali la muuza duka, na nililipa nafasi yake. Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za kanda za VHS, iliacha Julai 2016. Sony ilisitisha Februari 2025 kutengeneza diski tupu za Blu-ray za kurekodia. Kompyuta yangu haina hata mlango wa diski. Nilinunua draivu ya nje ya USB. Mtu mwenye akili timamu angetoa ile njiti ya kiberiti, au angenunua TV bapa ya kuchangiwa, akamalizana na mambo.

Tulilizungumza. Dada akasema tununue TV. Mjomba akasema sawa, na mchango wa harusi bado unadaiwa ukumbini.

Kilichonigeuza ni maneno ya yule yule kijana. Nilimuuliza kama kuna mtu jirani mwenye flashi ya kujaribia. Akaniambia pale nyumbani zimeshaletwa flashi zaidi ya moja, zenye mawaidha ya bibi, zenye picha za hija ya jirani, na zote zimeishia kwa vijana wa bodaboda kuwekewa singeli.

Flashi haikai nyumbani. Ni ya kila mtu, na kila mtu ana cha kufuta ili aweke chake.

DVD-R ikishachomwa na kufungwa, haiandikiki tena. Kwenye nyumba ya wajukuu saba na kompyuta hakuna, huo si upungufu. Mtoto anaweza kuikwaruza, kweli, na huko mashambani nimeona diski zimening'inizwa juu ya mpunga kufukuza ndege. Kufuta harusi ya mtu na kuweka muziki juu yake hawezi.

Nikaacha kubishana na mimi mwenyewe.

## DVDStyler, na sababu zangu

Nilichagua DVDStyler. Ni ya bure, chanzo chake kiko wazi chini ya leseni ya GPL, inakaa kwenye Windows, Linux na Mac. Sura yake ni ya kizamani na haina mbwembwe. Ukianzisha mradi mpya inakuuliza mambo machache: jina la diski, ukubwa wake, PAL au NTSC (mfumo wa TV wa Marekani na Japani), 4:3 au 16:9. Yote hayo nilikuwa nayo tayari kwenye zile picha tatu. Unaburuta video zako unaziweka chini, na pembeni inakuonyesha dakika ngapi zimeshaliwa.

Sharti langu la kwanza inalitimiza. Faili la mradi, lenye mkia wa .dvds, ni maandishi matupu ya XML. Nililifungua kwa Notepad: majina ya video zangu, mpangilio wake, amri zake, yote yanasomeka kwa macho. Kesho programu ikifa, mtu mwingine ataweza kuona nilipanga nini.

Kwenye Linux kuna DeVeDe na K3b, na wanaozitumia wanazisifu. Kwa kuchoma kwenye Windows ninatumia ImgBurn, ambayo toleo lake la mwisho ni la 2013 na bado inachapa kazi. Angalizo moja kwa programu zote za bure: soma kila kisanduku cha usakinishaji kabla ya kubonyeza "Next", usije ukajikuta na kivinjari usichokiomba.

## Fremu 25, fremu 30

Sasa nifike mahali palipoumiza kichwa.

Sisi ni nchi ya PAL, fremu 25, yaani picha 25, kwa sekunde. Kila mwongozo utakuambia uchague PAL. Kamera ya mpiga video wa ukumbini ilirekodi 25, safi. Lakini nusu ya vitu vitamu vya harusi hii viko kwenye simu: mama akicheza jikoni, watoto wakigombania keki, bwana harusi akifungwa tai na mikono inamtetemeka. Simu hurekodi fremu 30. Ukizilazimisha 30 ziwe 25, fremu nyingine zinaachwa, na mtu anayetembea anaonekana anakwama kwama. Zaidi ya hapo, simu haishiki kasi moja. Inapanda na kushuka kulingana na mwanga. Video ikiwa ndefu sauti inaachana na midomo. Dawa yake ni kuipitisha kwanza kwenye programu ya kuhariri na kuitoa upya kwa kasi isiyobadilika.

NTSC ndiyo ya fremu 30 hivi, na diski moja haikubali PAL na NTSC kwa pamoja. Unachagua.

Deki nyingi za huku zinacheza zote mbili. Tatizo ni TV. Ya zamani isiyoijua NTSC itakuonyesha picha nyeusi na nyeupe, au inayoviringika. Hakuna kitabu kitakachokuambia TV ya Mama Mkubwa ni ipi. Nikachoma diski mbili za majaribio za dakika chache, A ya PAL na B ya NTSC, nikazipeleka stendi ya Magufuli kule Mbezi, nikampa kondakta wa basi la Korogwe.

Kesho yake jioni kijana akapiga. A inakwama kidogo watu wakicheza. B ni laini, na rangi zote zipo.

Basi ikawa NTSC, kwa Korogwe. Najua kuna mafundi watakaosoma hapa wakatikisa kichwa. Watikise tu.

## Saa mbili, na foleni ya zawadi

Diski imeandikwa 4.7 GB, ingawa Windows itakuonyesha kama 4.38, kwa sababu inahesabu kwa namna yake. Ukitaka picha isiyo na ukungu, weka kasi ya karibu megabiti 5 kwa sekunde, na hapo unapata kama saa mbili. DVDStyler itakubali uijaze saa nne ukitaka. Inachofanya ni kupunguza ubora mpaka zienee, na nyuso za watu waliokaa meza za nyuma zinageuka madoa.

Harusi yetu ilikuwa na posa, kitchen party, send-off, ndoa na ukumbi. Unaijua hesabu hiyo.

Mapambano yakaanza. Mashangazi wa upande wa bwana harusi walitaka foleni ya zawadi iwemo yote, mtu kwa mtu, kuanzia friji mpaka seti ya vijiko. Ni dakika 40 za watu wanaocheza kuelekea mbele na MC anayerudia mzaha ule ule. Nilitaka kuikata ibaki dakika tatu. Mama akaniita pembeni. "Mwanangu, waliotoa ndio watakaotaka kujiona. Ukimkata shangazi yako na blanketi lake, hilo blanketi utalisikia mpaka uzeeni."

Hapa nikaanza kuiheshimu hii teknolojia ya zamani. DVD inakubali vipande mpaka 99, na kila kipande kinagawanyika kwa sura. Foleni ya zawadi niliiweka kipande chake cha mwisho, kwa kasi ndogo zaidi, kwa kuwa ni watu wanatembea mbele ya pazia. Anayeitaka ataifikia. Asiyeitaka atakuwa ameshalala.

Kwenye simu tungeikata, na ugomvi ungebaki.

## Rimoti

Programu hizi zinajivunia menyu zake. Mioyo inayoelea, maua, fremu nne za picha: baba, mama, watoto wawili. Sijui familia hiyo ya watu wanne ni ya nani. Nilijaribu kutengeneza menyu nzuri yenye kitambaa cha kanga, kisha nikakumbuka kwamba rimoti ya Mama Mkubwa ina vitufe viwili tu anavyovijua: cha kuwasha na cha "Play". Mishale ya kuchagulia imeshafutika.

Nikachagua kutokuwa na kiolezo chochote. Kwenye DVDStyler unaweza kutengeneza diski isiyo na menyu. Ukiitumbukiza inaanza yenyewe. Halafu nikafungua sifa za kipande cha mwisho, kwenye sehemu ya amri za baada ya kuchezwa, nikaandika "jump title 1". Ikiisha inarudi mwanzo. Hakuna skrini ya buluu, hakuna kuita mtoto wa jirani.

Maandishi niliyaweka katikati kabisa. TV ya chogo inakula kingo za picha pande zote, na jina la bibi harusi likiwa chini sana linakatwa. Video zilizorekodiwa simu ikiwa wima zilitoka kama ukanda mwembamba, chini ya nusu ya upana wa skrini. Hizo nilizikuza kidogo na kukubali kukata miguu. Nyuso zinatosha.

## Picha za mnato

Picha 212 zilikuwa kesi nyingine. DVDStyler inazipanga zikapita moja moja, na kwenye TV zinapendeza. Lakini kila picha ikishaingia kwenye DVD-Video ya NTSC inabaki na pikseli zipatazo 346,000 tu, wakati simu ya kawaida ilipiga milioni 12. Siku mtu atakapotaka kusafisha picha ya ukutani kutoka kwenye diski hiyo, atapata ukungu.

Kwa hiyo pembeni ya VIDEO_TS niliongeza folda nyingine, PICHA, yenye JPEG zenyewe bila kuguswa. ImgBurn inakubali kuzichoma pamoja. Deki inaipuuza folda hiyo na kucheza video. Kompyuta inaziona zote mbili. Ukiniuliza kigezo kimoja cha kupimia diski ya familia, ni hiki: je, picha asili zimo ndani, au umemwachia mtu kivuli chake?

Mengine ni ya kawaida. Nilichoma kwa 8x, si kasi ya juu kabisa. Niliandika juu yake kwa kalamu laini ya wino, sikubandika stika, maana stika isiyokaa sawa inayumbisha diski ikizunguka. Nakala mbili za Korogwe, ya tatu kwa mama, zote ndani ya kava na mbali na dirisha, kwa kuwa rangi inayobeba data kwenye DVD-R haipendi jua wala joto. Faili la ISO, yaani nakala ya diski nzima ndani ya faili moja, liko kwenye hadi disk mbili. Binamu aliye Muscat hana deki. Yeye nilimtumia MP4 ile ile niliyotengenezea diski, kwa kiungo, naye amesharidhika.

Mama Mkubwa amepiga juzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeona. Nimewaona wote, hata yule mwenye blanketi." Akacheka sana. "Sasa mbona baba yako mkubwa humo hayumo?"

Baba Mkubwa alifariki zamani, kabla ya simu za kamera. Picha yake ipo moja tu, ya studio, kwenye fremu sebuleni kwake. Mama Mkubwa hataki iletwe Dar, na hataki iguswe na fundi.

Kwa hiyo kijana ameshapewa kazi: aitoe kwenye kioo taratibu, ailaze chini karibu na mlango mchana, azime flashi ya kamera, apige kutoka juu bila kivuli chake kuingia, aitume kama faili ili WhatsApp isiibane. Mradi ninao, ISO ninayo. Atakaa mwanzoni kabisa, kabla ya posa, sekunde kumi. Mama Mkubwa anasema kumi hazitoshi.